Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Shingo ya baba imelegea au inavutwa?

Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Shikamoo. Nakala ya barua hii naielekeza pia kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), maana zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini yake, na jambo la mgonjwa wa wilayani likidondoka katikati ya ofisi mbili huwa halina wa kuliokota.

Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Korogwe. Baba ana miaka 71. Kwa miezi 11, kuanzia mwaka 2021, alikuwa akiwatambua watu kwa miguu yao. Jirani akipita barazani akatoa salamu, baba alitazama kandambili kisha akataja jina. Mwalimu wa madrasa alimjua kwa makubazi yaliyoshonwa upya kwenye kidole gumba. Muuza samaki alimjua kwa kisigino kilichopasuka. Siku moja nilivaa viatu vya kuazima kwenda harusini, nikamwamkia, akaniitikia "marahaba mwanangu, unatoka wapi?" kama anavyomwitikia mtoto wa watu.

Kichwa chake kilikuwa kimedondoka mbele, kidevu kimegusa kifua. Hakuwa na uwezo wa kukiinua kwa shingo yenyewe. Akitaka kumwona mtu uso, alikisukuma juu kwa kiganja, akaangalia haraka, kisha mkono ukachoka na kichwa kikarudi chini.

Naandika kwa sababu katika miezi hiyo 11 tulipita vituo vinne vya afya. Shingo yake ilipigwa eksirei mara mbili. Hakuna mtu aliyeigusa.

Nianze mwanzo, maana ukisikia habari ya shingo peke yake utadhani ni ajali. Baba ana ugonjwa wa Parkinson. Uliingia kimyakimya mwaka 2013, na shahidi wake wa kwanza ni daftari la vipimo. Baba aliandika vipimo vya wateja kwa penseli: kifua, kiuno, bega, urefu wa suruali. Ukilifungua daftari lile leo utaona tarakimu zikipungua ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho zimekuwa kama sisimizi waliopangwa mstari. Sisi tulimnunulia miwani. Kisha ikafuata pua: vitunguu viliungua jikoni na yeye amekaa mlangoni hasikii harufu. Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka ukiwa umetulia mapajani, na akishika kitambaa ukaacha. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mbona ukishona hautetemeki?" Nilidhani anatafuta huruma. Sikujua kwamba hivyo ndivyo ugonjwa huo unavyotetemesha: mkono uliopumzika hutetemeka, ukipewa kazi hutulia.

Tulizunguka sana. Mmoja alisema presha, mwingine mishipa imechoka, na shangazi, Mungu amsamehe, alichukua shati lake akalipeleka kwa mganga Handeni. Mwaka 2016 tabibu mmoja kijana alimwambia baba agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, akamkunja kiwiko polepole, akamwambia atembee hadi mlangoni na kugeuka. Haikufika dakika kumi. Akasema ni Parkinson, na kweli ilikuwa Parkinson.

Kwa hiyo najua inawezekana. Na najua hatukuwa peke yetu. Watafiti waliopita kaya kwa kaya wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katika watu 161,071, walikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Hai, Mheshimiwa, ni wilaya ambayo hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi iko jirani yake. Fikiria Kilindi, huku kwetu mkoani Tanga.

Ugonjwa wenyewe uko hivi, kwa jinsi ambavyo mtu wa kawaida kama mimi nimeelezwa nikaelewa. Kuna seli ndani kabisa ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayolainisha mwendo wa mwili. Seli hizo zikifa, mwendo unakuwa mzito, misuli inakakamaa, uso unaganda, sauti inafifia. Levodopa ni malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Madaktari walianza kuitumia miaka ya 1960, kwa hiyo hatuombi dawa iliyozinduliwa jana. Ikiwa pamoja na kabidopa, dawa mwenza inayoisaidia kufika ubongoni, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata mbegu za upupu, upupu huu huu tuliokuwa tukirushiana shuleni, zina levodopa ndani yake. (Asije mtu akaacha vidonge akaingia porini: kiasi kilichomo hakilingani mbegu kwa mbegu, na anayekisia kipimo anajiumiza.)

Baba aliishi vizuri na levodopa miaka minne na zaidi. Hakurudi kwenye cherehani ya mguu, lakini alikata vitambaa, akafundisha vijana wawili, akaenda msikitini kwa miguu yake. Mwaka 2021 levodopa ikaanza kukosekana kwenye duka la dawa la hospitali tuliyokuwa tukihudhuria. Leo ipo, kesho "njoo wiki ijayo", kesho kutwa ipo ya nusu mwezi. Tukanunua maduka ya mtaani, nako ikawa vivyo hivyo. Daktari wa kliniki moja ya binafsi akaona baba anakakamaa akamwandikia pramipeksoli, dawa inayoiga kazi ya dopamini. Dada yetu aliyeolewa Muscat akawa anaituma kwa watu wanaokuja likizo. Sisemi daktari yule alikosea. Ni dawa halali ya ugonjwa huu, inaandikwa dunia nzima, na baba ilimwongezea mwendo.

Wiki kama ya sita tukaona anakula kidevu kikiwa karibu na sahani. Wiki ya kumi, kichwa kilikuwa kimeshuka moja kwa moja.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Majirani walisema fundi amezoea kuinama, miaka 40 juu ya cherehani, shingo imekariri. Maelezo hayo yaliingia akilini kiasi kwamba hata sisi watoto tuliyarudia, na nilipoyasikia tena kutoka kwa mhudumu wa kituo cha afya aliyeandika "uzee" kwenye cheti, nilitikisa kichwa kukubali. Wengine walisema ana mawazo. Kwetu mtu akiinamisha kichwa ana sababu: amekosa, anadaiwa, au amefiwa. Baba hakuwa na hata moja, lakini akikaa barazani alionekana mtu mwenye zote tatu. Mzee mmoja waliyesoma naye alikasirika kabisa, akasema fundi siku hizi ana maringo, ukimpa mkono hakutazami. Weka juu yake uso ulioganda na sauti ya chinichini, na utaona jinsi mtu aliyekuwa kitovu cha baraza alivyoanza kupitwa kama gunia.

Hayo ni ya heshima. Ya mwili yalikuwa mabaya zaidi. Mtu asiyeona mbele hujigonga. Baba alijigonga kwenye nguzo ya umeme na kwenye ubao wa biashara ya mtu, na mara mbili alianguka. Mate yalimtiririka kwa sababu kichwa kimeelekea chini, na ngozi ya chini ya kidevu, isiyopata hewa, ikaanza kuchubuka kama ya mtoto mwenye joto. Kikombe hakikunyweka: ili ukimalize kikombe cha chai lazima uinamishe kichwa nyuma, jaribu uone. Tulichukua kikombe cha plastiki tukakikata ukingo mmoja kwa mkasi ili pua ipate pa kupita, na hapo akaweza kunywa bila kuinua kichwa. Lakini kumeza kwenyewe kulikuwa kumeharibika. Akawa anakohoa kila akila, na mwezi wa saba wa tatizo hilo akalazwa kwa homa ya mapafu. Chakula kilikuwa kimepita njia ya hewa. Alilazwa siku tisa, akatibiwa mapafu, akaruhusiwa. Shingo iliyosababisha yote ilitoka wodini kama ilivyoingia.

Safari za basi kwenda Dar es Salaam sitazieleza kwa urefu. Niseme tu kwamba kati ya Segera na Chalinze kuna matuta mengi, na kila tuta kichwa cha baba kilitupwa mbele, mpaka nilipojifunza kuviringisha kanga na kuishindilia chini ya kidevu chake kabla gari halijaondoka.

Sasa Mheshimiwa, nakuomba usome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kichwa kudondoka kwa mgonjwa wa Parkinson ni jambo linalojulikana tangu siku ya kwanza. James Parkinson, daktari wa London ambaye ugonjwa umepewa jina lake, alichapisha kitabu chake kidogo mwaka 1817, na humo ndani, akieleza mgonjwa aliyezidiwa, aliandika kwamba kidevu huinamia kifuani na karibu hakiondoki tena hapo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, kabla hata dopamini haijajulikana. Kwa tafiti zilizofanyika baadaye, huwapata wagonjwa kama 5 au 6 katika kila 100. Si wengi. Lakini ukichukua watu milioni 8.5 ambao Shirika la Afya Duniani lilikadiria walikuwa na ugonjwa huu mwaka 2019, utaona hao 5 au 6 wanajaza mji.

Na kichwa hakidondoki kwa sababu moja. Hapo ndipo penye siri. Kwa mgonjwa mmoja, misuli ya nyuma ya shingo imedhoofika, haibebi tena. Huyo shingo yake imelegea. Kwa mwingine, misuli ya mbele imekaza yenyewe bila kuagizwa na inavuta kichwa chini kama kamba. Huyo shingo yake inavutwa. Kwa macho wote wawili wanafanana. Kwa mkono hawafanani hata kidogo: ukiinua kichwa cha wa kwanza kinakuja chepesi na ukikiachia kinaanguka, ukiinua cha wa pili unahisi mbele panakataa, na misuli miwili ya pembeni mwa koo imesimama kama mitaimbo.

Tena kuna wale ambao chanzo chao si Parkinson hata kidogo, au ni Parkinson na kitu kingine juu yake. Kuna miasthenia, ugonjwa ambao misuli huchoka kadiri siku inavyokwenda, na kope hushuka pamoja na kichwa. Una dawa yake. Kuna tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, ambayo kipimo cha damu kinaigundua. Kuna uvimbe wa misuli yenyewe, nao hutibika. Kuna ugonjwa wa seli za fahamu zinazoendesha misuli, huo ni mzito na familia inahitaji kuambiwa mapema. Kuna ugonjwa unaojifanya Parkinson lakini unaharibu mifumo mingi ya mwili, na kwao kichwa hudondoka mara nyingi zaidi. Na kuna dawa. Dawa zinazoiga dopamini, pramipeksoli ikiwamo, na hata amantadini, dawa nyingine ya Parkinson, zimeripotiwa kuangusha vichwa vya wagonjwa, na wengine wakaviinua tena dawa ilipoondolewa.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya baba.

Aliyeigundua hakuwa bingwa. Alikuwa mama mmoja mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa mwingine, tulikokwenda kwa sababu mjomba alikuwa na nyumba huko. Hakutazama picha ya eksirei kwanza. Alimlaza baba chali bila mto akasubiri. Kichwa kilining'inia hewani kidogo, kisha polepole kikashuka hadi kikagusa kitanda. Akasema, "Haijaganda bado." Akamketisha, akaweka kiganja kisogoni akamwambia asukume nyuma, akaweka kiganja pajini mwa uso akamwambia asukume mbele. Akapapasa koo. Akamwangalia kope. Kisha akanigeukia mimi, akauliza swali ambalo kwa miezi 11 hakuna aliyeuliza: "Kabla ya haya kuanza, dawa gani ilibadilika?"

Nilikuwa na jibu mkobani. Nilikuwa nalo siku zote.

Alimpigia simu daktari wa baba. Pramipeksoli ikapunguzwa kidogokidogo kwa wiki kadhaa, maana kuiacha ghafla kuna hatari zake, mgonjwa anaweza kupata wasiwasi mkali na maumivu na kutaka kuirudia kama mlevi. Levodopa ikapangwa upya, dozi ndogo mara nyingi, nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa maharage na nyama huishindania njia tumboni. Mazoezi ya shingo na mgongo kila siku. Baada ya miezi mitatu kichwa kilikuwa kimepanda.

Hakikupanda chote. Misuli iliyokaa imevutika karibu mwaka mzima hairudi kama mpira. Leo baba akisimama macho yake yanafika kwenye vifungo vya shati la mtu, siku njema yanafika kolani. Yeye anasema kwa fundi hapo panatosha, na kweli ukimtembelea atakagua mishono yako kabla hajakuuliza hali. Lakini mama yule wa fiziotherapia aliniambia waziwazi, kwa upole, kwamba baba angekuja mwezi wa pili wa tatizo badala ya wa kumi na moja tungekuwa tunazungumza mengine.

Sidai kwamba kila shingo itainuka kwa kupunguza kidonge. Wengi chanzo chao si dawa, na wapo ambao hakuna kinachosaidia sana. Ninachodai ni swali liulizwe. Kugusa shingo hakuhitaji mashine. Kumlaza mtu chali hakuhitaji rufaa. Kuuliza dawa gani ilibadilika hakuhitaji bingwa, na wakati mabingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wa kuhesabika na wamekaa miji michache, lazima swali hilo liulizwe na tabibu wa kituo cha afya au lisiulizwe kabisa. Miongozo ya malaria ilibandikwa ukutani mpaka kila mhudumu akaijua kwa moyo. Naomba karatasi moja tu ya ukutani: mgonjwa wa Parkinson ambaye kichwa kimeshuka ndani ya wiki au miezi, fanya hivi, uliza hivi, pima hivi, mpeleke huku, na usiandike uzee. Kwenye karatasi hiyohiyo ongezeni mstari kuhusu metoklopramidi, ile dawa ya kuzuia kutapika, na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Zote mbili huzuia dopamini na kumfanya mgonjwa wa Parkinson agande, na baba alichomwa ya kwanza alipolazwa, akashindwa kugeuka kitandani siku mbili.

La pili ni dawa yenyewe, na hapa nitasema zaidi, kwa sababu mlolongo wote wa baba ulianzia kwenye kabati tupu. Levodopa ingekuwepo, pengine pramipeksoli isingeandikwa. Mgonjwa wa Parkinson akikosa dozi hangoji wiki ndipo aone tofauti. Anaiona mchana huohuo. Anaganda kwenye kiti, hawezi kwenda msalani, hawezi kumeza hata hicho kidonge kikipatikana. Na kuikatisha ghafla kabisa kunaweza kuleta homa na ukakamavu wa kutisha roho. Nchi hii inajua namna ya kumlinda mtu wa dawa za kila siku. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wanapewa za miezi kadhaa kwa mkupuo, wanahesabiwa, wakikosa kuja wanatafutwa. Utaratibu upo, watumishi wanaujua, daftari lake lipo. Wagonjwa wa Parkinson katika wilaya moja hawafiki hata sehemu ndogo ya hao. Wahesabuni, muwape miezi mitatu kwa mara moja, na agizo la wilaya lifuate hesabu hiyo badala ya kufuata mazoea ya mwaka jana.

Kuhesabu kwenyewe ni kazi ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wanapita nyumba kwa nyumba tayari. Wafundishwe kumtambua mzee anayetembea hatua fupifupi bila kurusha mkono mmoja.

Kuhusu bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipo, na sisi watu wa Korogwe tuliipokea kwa matumaini, naomba lisichukuliwe kama kejeli. Swali langu ni kitita cha huduma zinazolipiwa kitakuwa na nini kwa mtu kama baba. Kwa wale ambao shingo inavutwa, kuna sindano ya botulinamu inayolegeza misuli iliyokaza. Huchomwa na mtu anayejua, kwa sababu ikichomwa vibaya mbele ya shingo inaweza kuharibu kumeza. Nilipoitaja kwa mhudumu mmoja wa dirisha la bima alicheka, akasema hiyo si ya wanawake wa mjini wa kunyoosha uso? Sikumlaumu, ndivyo inavyotangazwa. Lakini wanaoandika kitita wasicheke. Waweke pia fiziotherapia ya mfululizo badala ya mahudhurio mawili matatu, na kola ya shingo.

Kola ina kisa chake. Tulinunua moja mnadani, ya mitumba, ngumu, ya mtu mwenye shingo ndefu. Ilimkaba baba, ikamchubua, na alipokula nayo alipaliwa. Mama wa fiziotherapia alitueleza: kola ni ya muda mfupi, wakati wa kutembea au kukaa na wageni, si ya kuvaa kutwa, kwa maana misuli ikibebwa muda wote inazidi kulala. Baba akasikia. Jioni akaniita, akaniambia nilete kipande cha godoro na kitambaa cha kitenge kilichobaki. Mikono yake haikati tena, kwa hiyo alinielekeza mimi. Mara tatu aliniambia nifumue. Alitaka mbele iwe juu kidogo, koo liachwe wazi kwa uwazi wa vidole vitatu, na kifungo kiwe ubavuni ili akifunge mwenyewe. Kola hiyo ndiyo anayovaa mpaka leo akienda msikitini, na vijana wake wamekwisha kushona nyingine mbili kwa wagonjwa wa Muheza waliosikia habari zake. Mtaalamu wa utengamao wa wilaya, kama wilaya ingekuwa naye, angeweza kukaa na fundi yeyote wa mtaani na kufanya hivyo kwa gharama ya nauli.

Mwezi Mei 2022, Baraza la Afya Duniani lilipitisha mpango wa hatua kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu, wa kuanzia 2022 hadi 2031. Baraza hilo ndilo mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani, na Tanzania ni mwanachama wa Shirika hilo. Mpango huo una sehemu yake nzuri kuhusu dawa na mafunzo ya watumishi wa ngazi ya chini, na karibu nusu ya muda wake umeshapita. Nimeuliza hospitalini nani wilayani anaushughulikia. Nilitumwa ofisi ya magonjwa yasiyoambukiza, nako nikakuta bango la kisukari na bango la shinikizo la damu. Mtumishi aliyekuwepo alikuwa mwungwana, alinipa kiti, akaandika neno Parkinson kwenye daftari lake akiniuliza herufi.

Sina shaka utapata ushauri kwamba wagonjwa hawa ni wachache na bajeti ni ndogo. Yote mawili ni kweli. Lakini gharama ya kumlaza mtu siku tisa kwa homa ya mapafu, na picha mbili za eksirei zisizo na swali, na safari za Dar es Salaam, sisi na hospitali tulizibeba tayari. Hazikuonekana tu kwa sababu hazikuandikwa mahali pamoja.

Barua hii nimemsomea baba kabla ya kuituma. Alitaka nifute sehemu ya mganga wa Handeni, nimekataa. Alitaka niongeze kwamba yule mzee waliyesoma naye wamepatana, na kwamba huja kila Ijumaa na huketi kwenye kigoda kifupi mbele yake ili waonane uso. Nimeongeza.

Asubuhi hii nimehesabu vidonge vya levodopa kwenye kopo. Vimebaki 19. Kwa siku anameza 4, na duka la hospitali limetuambia tujaribu tena Jumatatu ya wiki ijayo.

Wako mtiifu,
Binti wa fundi, Korogwe